Je, wajua kwa nini mvua ya mlima mmoja huishia katika bahari mbili?

Katika milima ya Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda, matone mawili ya mvua ileile yanaweza kuachana na yasikutane tena. Linaloangukia upande wa magharibi huteremka hadi Ziwa Kivu au Mto Rusizi, likaingia Ziwa Tanganyika, likatokea Mto Lukuga na kuufuata Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. La mashariki huingia Nyabarongo, kisha Akagera, Ziwa Victoria na Mto Nile, mpaka Mediterania. Mgongo huo wa milima, unaoendelea hadi Burundi, ndio mgawanyo wa maji kati ya Kongo na Nile.

Waingereza huuita mgongo wa namna hiyo watershed, ilhali Wamarekani hulitumia neno hilohilo zaidi kwa eneo zima ambalo mvua yake hukusanyika katika mto mmoja. Kutokana na maana ya kwanza, neno hilo limekuwa pia jina la tukio linalotenganisha zama mbili, na hata la saa ya usiku ambayo kabla yake televisheni haziruhusiwi kuonyesha vipindi vya watu wazima. Nchini Uingereza ni saa 3 usiku.

Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. Mstari wa juu ni mgawanyo wa maji, eneo lote ni bonde la mto, na sehemu ndogo ya bonde hilo wataalamu wa maji wa Tanzania huiita kidakio. Ugumu uko kwenye neno bonde lenyewe, kwa kuwa wengi wetu tukilisikia huwaza ardhi ya chini inayolimwa mpunga, wala si kilele. Tanzania imegawanywa katika mabonde 9 ya maji ambayo hayafuati mipaka ya mikoa, na kati yake Ziwa Rukwa na Bonde la Kati hayana njia ya kufika baharini, hivyo maji yake mengi huishia kuwa mvuke.

Kwa hesabu hiyo, miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, tangu kwenye barafu, ni sehemu ya Bonde la Pangani. Anayelima hadi ukingoni mwa kijito huko Machame analima ndani ya bonde hilo, na udongo unaochukuliwa na mvua kutoka shambani mwake hushuka na Mto Kikuletwa kuelekea Bwawa la Nyumba ya Mungu.