Je, wajua kwa nini jiko jipya lina taa kubwa na bado unakata mboga kwenye kivuli chako?

Umeongeza jiko, ukuta wa nyuma umesogezwa, nafasi imepatikana, taa ya maana imefungwa katikati ya dari, halafu siku ya kwanza unasimama kwenye kaunta kukata nyama unakuta kisu kimo ndani ya kivuli. Kivuli cha nani? Chako mwenyewe. Wengi wakifika hapo wanaisingizia balbu, wanaenda kununua yenye nguvu zaidi, wanafunga, na kivuli kiko palepale.

Balbu haina kosa, ishu ni mahali ilipo. Kaunta za jikoni karibu zote zimeegemea ukuta, kwa hiyo mtu akifanya kazi anaangalia ukuta na mgongo wake umeelekea katikati ya chumba, na huko katikati ndo taa iliko. Kichwa na mabega vinakaa kati ya balbu na ubao wa kukatia. Af juu yake kuna kabati za ukutani, zinatokeza kama sentimita 30 hadi 35 wakati kaunta ina kina cha sentimita 60 hivi, nazo zinazuia kipande kingine cha mwanga. Mwisho wa siku taa ya katikati inamulika sakafu vizuri kabisa, na sakafuni hapikii mtu.

Kuna mtu alilifikiria hili zamani sana. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko kwa ajili ya nyumba za bei nafuu mjini Frankfurt, Ujerumani, kachumba kembamba kasikofika hata mita 2 upana na urefu wake kama mita 3.4, na yakajengwa kama 10,000 hivi. Watu wanalisifia kwa droo na kabati zake zilizopangwa kwa akili, lakini mimi kinachonifurahisha ni taa: ilifungwa kwenye reli darini ili mpishi aisogeze pale anapofanyia kazi. Na sehemu ya kukatia aliiweka chini ya dirisha, na kiti chake cha kuzunguka. Yaani alianza na mtu atakaa wapi na mikono yake itakuwa wapi, taa ikafuata. Sisi tunaanza na dari, tunagawanya mashimo ya taa kwa vipimo sawasawa kwa sababu kwenye ramani inapendeza, kaunta zinakuja baadaye zinajikuta zilipojikuta.

Kwa hiyo kabla ya kuongea taa, ongea kusimama. Mtu akipika anazunguka kati ya friji, sinki na moto, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani miaka ya 1940 walilifanyia kazi wakatoka na ile pembetatu maarufu: kila upande uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na ukijumlisha pande zote tatu isizidi kama mita 7.9. Jiko dogo la zamani shida yake ni kubanana, ila jiko la kuongeza lina ugonjwa wa kinyume, watu wanapata mita nyingi wanaanza kusambaza vitu, friji inabaki kule jiko la zamani lilipokuwa, sinki inaenda kwenye dirisha jipya mwisho kabisa, na mpishi anabaki kutembea na maziwa mkononi. Nafasi ya kupita kati ya kaunta mbili nayo isizidi sana wala isipungue, kama mita 1.05 kwa mpishi mmoja na mita 1.2 mkiwa wawili.

Halafu angalia njia ya watu. Mlango wa kutokea nje ukiwa mwisho wa jiko jipya, kila anayeenda uani anapita katikati ya hiyo pembetatu, na wewe umeshika sufuria ya maji ya moto. Sogeza mlango uwe pembeni, ndo suluhisho rahisi kuliko yote na haliongezi gharama kama bado uko kwenye ramani.

Kuhusu sinki ya kaunta ya katikati, ambayo kila mtu anaitaka siku hizi: bomba la maji machafu linahitaji mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo sinki ikiwa mita 4 kutoka ukuta wa nje bomba linashuka sentimita 8 chini ya sakafu kabla halijatoka nje. Inawezekana vizuri tu, lakini ijulikane kabla zege halijamwagwa. Moto ukihamia katikati pia, jiulize moshi na mvuke vitatoka kupitia wapi, maana bomba la feni ya kutoa moshi likiwa refu na lenye kona nyingi linavuta kwa shida.

Sasa mwanga wa mchana, na hapa ndo watu wanaumia zaidi kwa maoni yangu. Ukiongeza jiko kwa nyuma, umeziba dirisha la chumba kilichokuwa nyuma zamani. Hesabu ya wasanifu ni kwamba mwanga wa dirisha unaingia ndani kwa manufaa kama mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha, ukipima kutoka sakafuni. Ukingo ukiwa mita 2.1, mwanga unafika kama mita 4 hadi 5. Chukua chumba cha zamani chenye kina cha mita 4, ongeza jiko la mita 4, jumla 8, dirisha liko mwisho. Zile mita 3 au 4 za ndani zimeshakuwa za kuwasha taa saa sita mchana. Na ukisema uweke kioo kikubwa ukuta mzima wa mwisho, pale mwisho patang'aa sana lakini katikati pataonekana pa giza zaidi, kwa sababu jicho linajirekebisha kufuata sehemu yenye mwanga mkali.

Kinachosaidia kwanza ni kupandisha linta, ile boriti ya juu ya dirisha. Dirisha likienda juu mwanga unaingia mbali zaidi, wakati ukiliongeza kwa kushuka chini ya usawa wa kaunta unamulika miguu tu. Cha pili ni dirisha la paani. Anga ya mawingu mazito haina mwanga sawa pande zote, kwa kipimo ambacho watafiti Moon na Spencer walikitoa mwaka 1942, na bado kinatumika, utosini inang'aa mara 3 kuliko kwenye upeo wa macho. Dirisha la ukutani linaangalia huko chini kwenye mwanga hafifu, tena mara nyingi kuna ukuta wa jirani au mti umekinga, ila la paani linaangalia utosini moja kwa moja. Ila lisiwekwe kule mwisho karibu na vioo, huko mwanga upo tayari, liwekwe pale jiko jipya linapoungana na nyumba ya zamani. Jua kali la utosini nalo linaingia na joto lake, kwa hiyo panga na kivuli chake, pazia la nje au kioo maalumu. Na dirisha la magharibi juu ya sinki, jamani, jioni jua likiwa chini linakupiga usoni wakati ndo unaandaa chakula.

Usiku sasa. Chini ya kabati za ukutani weka mkanda wa LED, na uwe upande wa mbele wa kabati sio kule nyuma ukutani, ili mwanga ushukie kwenye ubao wa kukatia. Uingie kwenye reli ya alumini yenye kifuniko cheupe kama maziwa, maana kaunta ya jiwe lililong'arishwa itakuonyesha kila kijinukta cha taa kimepangwa mstari. Huhitaji nguvu kubwa hapo kwa sababu taa iko karibu: kwa balbu ndogo, ukiongeza umbali mara 3 mwanga unaofika unabaki sehemu moja ya tisa, kwa hiyo kilichoko nusu mita juu ya kaunta kinafanya kazi kubwa kuliko kilichoko mita 1.5 juu.

Dukani acha kuangalia wati, angalia lumeni. Kaunta ya kazi inataka kama laksi 500, na laksi moja ni lumeni moja kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kaunta ya mita 3 kwa 0.6 ni mita za mraba 1.8, zidisha 500 unapata lumeni 900 zinazotakiwa kufika pale. Kifuniko kinakula kidogo, nyingine zinamwagika pembeni, nunua kama 1,300 hivi na uweke swichi ya kupunguza. Nyumba ikiwa na wazee ongeza bila kubishana, jicho la mtu wa miaka 60 linaingiza kama theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa 20.

Hamna kabati za juu? Basi taa za darini zipangwe juu ya ukingo wa kaunta, kama sentimita 60 kutoka ukutani, mwanga ukupite mbele ya uso. Za kuning'inia juu ya kaunta ya katikati ziwe sentimita 75 hadi 90 juu yake, chini ya hapo zinakukinga usimuone unayeongea naye.

Rangi ya mwanga chagua moja, 3000K (ya njano kidogo) au 4000K (nyeupe zaidi), usichanganye ndani ya chumba kimoja, na kwenye boksi tafuta Ra, yaani kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi za vitu, ya 90 kwenda juu, la sivyo nyama iliyoiva na isiyoiva zitafanana.

Kabla fundi umeme hajachimba ukuta, chora kaunta zote kwa chaki sakafuni, ngoja giza liingie, weka meza pale kaunta itakapokuwa, mtu apande ngazi ashike tochi kwenye kila alama ya taa na wewe usimame unakata kitu. Kivuli kikikuangukia mikononi hamisha alama. Swichi ya kwanza iwe pale mtu anapoingilia kutoka ndani ya nyumba, za kaunta ziwe na swichi yake peke yake. Waya zikishalala, piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futi ya kupimia pembeni, plasta ikipita juu, atakayekuja kutoboa kutundika kabati atakuuliza zimepita wapi.