Jodari yuko juu, mgodi uko chini: kwa hiyo?

Nasema uchimbaji wa madini kwenye sakafu ya bahari unaweza kumdhuru jodari. Nimeulizwa tena, na mtu msomi kabisa: "Jodari anaogelea juu, vinundu vya madini viko kilomita nne na zaidi chini. Wapi na wapi?"

Ndugu zangu, kuna bomba. Vinundu hupandishwa melini pamoja na maji na tope, vikachujwa, na masalia hurudishwa baharini. Kwenye jaribio la 2022 katika eneo la Clarion-Clipperton, kati ya Hawaii na Meksiko, masalia hayo yalimwagwa kina cha mita 1,200 hivi. Sakafuni hakukuwa karibu hata kidogo.

Jodari macho-makubwa mchana hushuka mita mia kadhaa, na amewahi kunaswa na vipima-kina akipita 1,000. Anafuata ngisi na visamaki vinavyojificha gizani mchana na kupanda usiku. Hao nao hula zuplanktoni (vijinyama vinavyoelea majini), na zuplanktoni wengi hula chembe zinazodondoka kutoka juu. Hapo ndipo penye shida. Chembe za mgodini zina ukubwa uleule wa chakula chao, ila amino asidi (viini vya kujenga protini) ndani yake ni chache mno. Mnyama anajaza tumbo, anabaki na njaa. Katika sampuli za pale, 53% ya zuplanktoni walitegemea chembe za chakula zinazodondoka, na 60% ya wanyama wadogo waogeleao walitegemea zuplanktoni hao. Jodari hahitaji kuliona tope ili limfikie.

"Basi teremsheni bomba hadi chini." Sawa, mtaokoa maji ya kati na kuongeza wingu la tope sakafuni, ambako kinundu hukua milimita chache kwa miaka milioni na alama za mashine ya majaribio ya uchimbaji ya 1979 zinaonekana hadi leo.

"Jodari atahama." Modeli za tabianchi zinamwonyesha akihamia mashariki, yaani kuelekea hukohuko.

Kinachoninyima usingizi ni kipimo. El Niño pekee husogeza sehewa (aina ya jodari mdogo) maelfu ya kilomita, kwa hiyo mavuno yakipungua, nani atathibitisha kuwa ni tope? Na kwa kuwa hakuna mgodi wa kibiashara uliowahi kufanya kazi huko, atakayekutajia hasara kwa tani anabahatisha, hata akiwa upande wangu. Isitoshe, madini yanasimamiwa na mamlaka iliyoko Kingston, Jamaika, na jodari na tume nyingine kabisa. Anayetoa leseni ya kuchimba siye anayehesabu samaki.