Kwa nini taa za jirani zimewaka na zako bado

Siku ya tisa baada ya dhoruba, mama mmoja wa Uvira alinisimamisha barabarani, upande wa kusini-magharibi wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Mkononi ameshika ndoo, kichwani amejifunga kitenge. "Mwanangu, wewe si fundi wa umeme? Ng'ambo pale taa zinawaka tangu juzi. Kushoto kwangu zinawaka, kulia zinawaka. Mimi nimekosa nini?"

Nilikuwa na usingizi wa saa nne tu mwilini na nguzo tatu zilikuwa zinanisubiri. Nikamwamkia, nikamwambia zamu yake itafika, nikapanda gari. Ninachoandika leo ndicho nilichopaswa kumweleza pale barabarani, na nakiandika kwa ajili ya Waswahili wote waliohamia miji hii midogo ya nyanda za katikati ya Marekani: Cedar Rapids, Sioux Falls, Fargo, Omaha na kwingineko. Tumekuja wengi, wengine kutoka Kivu na Burundi, wengine kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na hakuna aliyetukalisha chini kutueleza upepo wa huku ukoje na umeme wa huku unarudije.

Tuanze na upepo. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 10 Agosti 2020. Dhoruba ilizaliwa asubuhi karibu na mpaka wa South Dakota na Nebraska, ikaelekea mashariki, na kabla haijafia Ohio ilikuwa imekwenda kilomita zipatazo 1,240 kwa saa 14. Sisi ilitufikia saa sita na nusu mchana. Wataalamu wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa walipochunguza majengo yaliyovunjika hapa mjini walikadiria kwamba upepo mkali kuliko wote ulifika kilomita 225 kwa saa. Na haukuwa wa kupita mara moja. Sehemu nyingi za mji ulivuma zaidi ya nusu saa.

Dhoruba ya aina hii inaitwa derecho, neno la Kihispania lenye maana ya kitu kilichonyooka. Aliyelipa neno hilo kazi hii ni Gustavus Hinrichs, profesa wa Iowa City, mwaka 1888, ili watu waache kuichanganya na tornado. Tornado huzunguka na kupasua njia nyembamba. Derecho husukuma mbele kama ukuta, na upana wake unaweza kumeza wilaya kadhaa kwa pamoja.

Inavyofanya kazi, iangalie hivi. Mchana wa Agosti hewa ya huku ni nzito kwa unyevu. Sehemu ya unyevu huo hutoka Ghuba ya Mexico, na sehemu hutoka mashambani hapahapa, kwa kuwa ekari moja ya mahindi yaliyokomaa inaweza kutoa lita 11,000 hadi 15,000 za maji hewani kwa siku. Hewa hiyo ya joto hupanda, mvua hushuka, na sehemu ya mvua hukauka ikiwa bado angani. Maji yanapokauka huipoza hewa, kama jasho linavyokupoza mgongo ukipigwa na upepo. Hewa iliyopoa ni nzito, hivyo huporomoka hadi chini na kutawanyika mbele kwa kasi. Ikienda hivyo huichota hewa ya joto iliyo mbele yake na kuirusha juu, mawingu mapya huumbika, mvua mpya hushuka, na mzunguko huanza upya. Nyuma yake upepo wa angani nao hushuka na kuusukuma mstari mzima, mpaka kwenye rada unaonekana umepinda kama upinde uliovutwa. Hakuna mlima wa kuukinga. Kutoka Nebraska hadi hapa ni mahindi na soya mpaka upeo wa macho.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Na Agosti miti ina majani yote. Sisi tuliokulia karibu na maji tunajua jahazi lenye tanga lililotwekwa linavyokamatwa na upepo. Mti wenye majani ni tanga, shina ndilo mlingoti, ila huu ukivunjika unaangukia laini ya umeme. Cedar Rapids ilipoteza zaidi ya nusu ya miti yake mchana ule. Nguzo nyingi hazikuvunjwa na upepo wenyewe. Mti uliangukia waya, waya ukavuta nguzo, na nguzo hiyo ikavuta ya jirani yake.

Jambo moja kuhusu onyo linaniuma mpaka leo. Mwaka ule simu hazikupiga king'ora kwa onyo la dhoruba ya radi. Zilipiga kwa tornado na mafuriko ya ghafla. Aliyesikia "dhoruba ya radi" alifikiri ni mvua na ngurumo kama siku zote. Mwaka 2021 utaratibu ulibadilishwa, na sasa onyo likiwa na alama ya uharibifu mkubwa, yaani upepo wa kilomita 130 kwa saa au zaidi au mvua ya mawe makubwa, simu yako italia hata kama hakuna tornado. Ikilia hivyo, shuka chini ya ardhi kama nyumba ina ghorofa ya chini, au ingia chumba cha ndani kisicho na dirisha, na watoto wote. Usitoke kwenda kuanua nguo.

Sasa umeme. Kabla haujakatika moja kwa moja, unakumbuka taa kupepesa mara mbili au tatu? Huyo ni mlinzi aliye nguzoni. Kuna swichi ambayo ikihisi waya umeguswa hukata, husubiri kidogo, kisha hurudisha, kwa kuwa mara nyingi ni tawi tu limegusa na kuanguka. Ikijaribu mara kadhaa na kukuta waya bado umeguswa, hujifunga, na haifunguki tena mpaka mtu aje. Kwa hiyo taa zikipepesa na kuzimika kabisa, jua kuna kitu kimelala juu ya laini mahali fulani.

Na jibu la swali la mama linaanzia kwenye transfoma. Kwetu Tanzania transfoma moja kubwa inalisha mtaa mzima. Kutoka hapo nyaya za volti 400 zinatembea nguzo kwa nguzo hadi kila mlango. Ikifa, wote giza. Ikirudi, watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele kwa pamoja. Huku sivyo. Nyumba za Marekani zinatumia volti 120 na 240, na umeme wa volti ndogo haustahimili safari. Volti zikipungua nusu, kazi ileile inahitaji mkondo maradufu, na hasara ndani ya waya inakuwa mara nne. Kwa sababu hiyo laini ya msongo wa kati, mara nyingi volti 7,200 kutoka waya hadi ardhi, inaletwa mpaka uani kwako, na kila nyumba chache, nne, sita, kumi, zinapewa transfoma yao ndogo iliyoning'inia nguzoni kama pipa. Kila transfoma ina fyuzi yake. Kila tawi la laini lina fyuzi yake. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa kwenye matawi mawili tofauti, hata kwenye vituo viwili tofauti vya kupoozea umeme. Ng'ambo ya barabara kwako, kwa upande wa umeme, ni mji mwingine.

Baada ya hapo kuna hesabu ya nani kwanza. Siku ya kwanza hata laini kubwa zinazoingia mjini zilikuwa chini, na karibu mji mzima ulikuwa giza. Kinu cha nyuklia cha Duane Arnold, kilichopo Palo jirani na hapa, kilipoteza umeme wa gridi, kikajizima na kuendeshwa na jenereta zake za dizeli. Kilikuwa kimepangwa kufungwa Oktoba, na hakikuwashwa tena mwaka ule. Katika hali hiyo hata nikikuunganishia nyumba yako, waya utakuwa mzima na hauna kitu ndani. Lazima laini kubwa zisimame kwanza, kisha vituo vya kupoozea, kisha fida, yaani laini kuu zinazotoka kwenye vituo hivyo, zinazokwenda hospitali na mitambo ya maji, kisha fida nyingine, kisha matawi, kisha transfoma mojamoja, na mwisho kabisa waya wa nyumba moja. Kila hatua tunauliza: tukitengeneza hapa, watu wangapi watapata? Tunajua wa mwisho anaumia. Wa mwisho ni mzee, ni mzazi mwenye kichanga, na sisi tunapita mbele ya mlango wake.

Ukiona gari la mafundi linapita polepole mtaani kwako halisimami, halikudharau. Tunafuata laini kwa macho tukitafuta ilipokatika, na penye kosa huenda ni kilomita mbili mbele. Fyuzi ya nguzoni ikiungua, kijiti chake kinafunguka na kuning'inia kichwa chini. Hata wewe ukisimama mbali unaweza kukiona na kutueleza ni nguzo ipi. Taarifa hiyo inatuokolea saa nzima.

Mitaa ya zamani ina tatizo jingine: nguzo zimepita nyuma ya nyumba, si barabarani. Gari lenye kikapu haliingii kwenye ua uliojaa miti iliyoanguka. Tulikata magogo kwanza, tukabeba nyaya mabegani, tukapanda nguzo kwa makucha ya chuma miguuni kama walivyofanya mababu wa kazi hii. Kazi ambayo barabarani ingechukua saa moja ilikula siku.

Jenereta. Hapa naomba unisikilize kama ndugu. Kuna watu hutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, wakaunganisha jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme ule hautulii ndani. Unatoka hadi kwenye transfoma, na transfoma haijui mbele wala nyuma: volti 240 zikiingia upande huu, upande wa pili zinatoka 7,200. Fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Ndiyo maana kabla ya kugusa waya wowote tunaupima kwa fimbo ya kuhami, kisha tunauunganisha na ardhi. Lakini usiiweke roho ya mtu rehani kwa plagi. Chomeka friji yako moja kwa moja kwenye jenereta kwa kamba ya umeme, au fundi akufungie chenji-ova, yaani swichi inayoitenga nyumba na laini ya nje.

Jenereta ikae nje, mita sita au zaidi kutoka nyumbani, moshi ukielekea kwingine. Na jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha mlango, hata liwe limebaki makaa tu, hata dirisha liwe wazi. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo kwa ajili ya baridi. Gesi ya mkaa haina harufu wala rangi. Inakulaza, na hutaamka. Wiki ile niliona majiko ndani ya vyumba viwili vya ghorofa. Niliyatoa nje mwenyewe, wenye nyumba wakinishangaa.

Waya ulioanguka chini usiusogelee, kaa mita kumi mbali, hata kama hautoi cheche. Friji isiyofunguliwa hulinda chakula saa nne. Friza iliyojaa, saa 48. Mwenye insulini nyumbani apange tangu leo ataipeleka wapi.

Wakati huo minara ya simu nayo ilikuwa imekufa. Mitaa ya magorofa walikoishi wengi wetu, mapaa yalikuwa yamebebwa, na familia za Kikongo na Kirundi zililala kwenye mahema uani siku nyingi kabla ya msaada wa maana kufika. Tangazo lililokuwepo lilikuwa la Kiingereza. Habari ilitembea kwa mdomo, mtu kwa mtu.

Turudi kwa yule mama. Nilipita tena mtaani kwake kesho yake jioni, nikaingia uani, nikatazama ukuta. Ukitoka nje ya nyumba yako utaliona: boksi la mita, na juu yake bomba la chuma linalopanda mpaka juu ya paa, likiwa na kichwa kilichopinda kama shingo ya bata. Waya kutoka nguzoni unafungwa pale. Waya ni wa kampuni ya umeme. Bomba na boksi ni mali ya mwenye nyumba. Kwa mama lile bomba lilikuwa limeng'oka, limelalia paa, boksi limepasuka upande. Laini ilikuwa na umeme, transfoma ilikuwa na umeme, majirani wote wanawaka. Mimi siruhusiwi kufunga waya kwenye bomba lililovunjika, kwa sababu nitakuwa nimeiwashia nyumba moto. Anatakiwa fundi mwenye leseni alitengeneze kwanza, mkaguzi alipitishe, ndipo sisi turudi. Yeye alikuwa mpangaji. Hakujua, na aliyekuwa anasubiriwa muda wote huo alikuwa mwenye nyumba, ambaye naye alikuwa hajui.

Tulimpigia simu tukiwa tumesimama palepale. Fundi wake alikuja siku ya pili yake, mkaguzi asubuhi iliyofuata. Siku ya kumi na tatu nilipanda, nikafunga vibanio vitatu, viwili vya nyaya zenye umeme na kimoja cha nyutro, nikashuka. Kazi ya dakika ishirini. Mama alikuwa mlangoni, akabonyeza swichi, taa ya sebuleni ikawaka mchana kweupe, akaiacha iwake.