Piano ya Huzuni Haihitaji Skeli ya Maina

Vijana wanaotengeneza filamu fupi hapa Kisumu wana imani moja sugu: ukitaka mtazamaji alie, tafuta piano ya skeli ya maina, yaani mpangilio wa noti unaosikika wa huzuni, basi. Si kweli. Etyudi (kipande cha mazoezi ya piano) ya mtunzi Chopin, opus 10 namba 3, iliyochapishwa 1833, iko katika E meja, skeli inayosikika changamfu, na bado watu wameibandika jina la "Huzuni". Huzuni hubebwa zaidi na mwendo wa polepole, mguso mwepesi, melodi inayoshuka na noti zinazoachwa zififie zenyewe.

Juzi nilikaa na mhariri mmoja tukitazama tukio la filamu yake: mama akikunja shati la marehemu mumewe, pale Dunga, ufukweni mwa ziwa. Chini ya tukio hilo kulikuwa na piano ya maina, noti tele, zimejazana katikati ya kinanda, palepale sauti ya binadamu inapokaa. Mama alipotamka "Nyasaye", yaani Mungu kwa Kijaluo, neno lilizama. Tukaweka nyingine, ya meja, noti chache, ikaingia baada ya neno. Mawimbi yakasikika. Mhariri akaacha kubofya.

Muziki wa filamu basi usiupime ukiwa peke yake, hapo karibu kila piano ni tamu. Uweke chini ya mazungumzo, kisha uuondoe kabisa. Kama tukio halijapungukiwa na kitu, uache nje.

Na usipakue ovyo. Chopin alifariki 1849, utunzi wake ni huru, lakini rekodi ya mpiga piano wa leo ina mwenyewe. Kwa sheria ya Kenya, rekodi hulindwa miaka 50.