Wingu likikaa Ngomeni, usinifumbie

Rubani alikuwa ametoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, anakuja kwetu Malindi na ndege ndogo ya abiria. Ilikuwa Aprili, masika yameshaingia, na wingu jeusi limekaa kuanzia Ngomeni hadi karibu na Mambrui. Akaniita redioni kwa sauti ya upole: mbele hapaonekani pazuri sana.

Kisha akanyamaza.

Mimi ni mwongoza ndege, na maneno yale yalinisumbua kuliko ngurumo yenyewe. Anataka kupinda? Upande gani, maili ngapi? Au ananipa habari tu? Ndege nyingine ilikuwa imeshaniondokea inapanda kuelekea Lamu, na ilikuwa upande wa bahari, kulekule ambako huyu angekimbilia. Ikabidi nimuulize. Ndipo aliposema: naomba maili 15 kushoto. Hapo nikapata cha kufanya. Yule anayepanda nikamwambia asizidi kimo nilichompa, wakapishana mmoja juu mmoja chini.

Sisi watu wa pwani tumefundishwa kwamba jambo zito haliendewi mbio. Unaanza na salamu, unauliza hali za nyumbani, ndipo unagusia shida yako kwa mbali. Hata kanga inamsemea mtu asilotaka kulitamka. Naipenda sana lugha hiyo. Lakini kwenye redio, wingu la radi likiwa mbele, inaweza kuua.

Kiingereza cha anga kina maneno mawili ambayo ningependa kila rubani kijana ayalale nayo. Akisema "request", anaomba: nampangia nafasi kadiri ninavyoweza. Akisema "weather deviation required", ananiambia kukwepa ni lazima, na mara moja anapata kipaumbele kwenye masafa ya redio. Mambo yakizidi hapo kuna "pan-pan" mara tatu, ya jambo la haraka, na juu yake "mayday" mara tatu, ya dharura yenyewe. Kutamka maneno hayo si utovu wa adabu wala si kukiri kushindwa kazi.

Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, shirika la Kolombia, safari namba 52, iliwekwa izunguke angani zaidi ya saa nzima kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, ikisubiri kutua New York. Marubani walitaja kwamba mafuta yanaisha, wakaomba kipaumbele, lakini neno la dharura halikutamkwa hata mara moja. Ilianguka Long Island mafuta yamekwisha, wakafa watu 73. Nikiisoma habari ile nasikia sauti ya upole kama ya yule rubani wangu.

Jirani huniuliza mbona tusiwaelekeze tu marubani kwenye mwanya kati ya mawingu. Kwa sababu mwanya huo siuoni. Rada ya waongozaji imeundwa kuona ndege, si mvua. Na mnarani chombo changu cha kwanza ni macho. Rada ya hali ya hewa iko puani mwa ndege ya rubani. Yeye anajua wingu lilipo, mimi najua nani yuko nyuma ya wingu hilo. Kulipita kwa juu haiwezekani kwa ndege zetu ndogo, maana katika nchi za joto wingu la radi linaweza kuvuka futi 50,000. Linazungukwa, na likiwa kali ushauri ni kukaa mbali nalo maili 20 au zaidi.

Radi nayo hukwaruza redio. Tunatumia mawimbi ya AM, ya kizamani, ambayo kila umeme ukipiga yanapasuka masikioni. Yamebakizwa kwa sababu nzuri: watu wawili wakizungumza pamoja husikika mlio mkali, nikajua kuna aliyefunikwa. Kwa FM mwenye nguvu angemmeza mwenzake nisijue. Ndiyo maana namtaka rubani anirudishie neno kwa neno kimo na mwelekeo niliompa, na nusu yake ikiliwa na radi, narudia yote.

Wanapokaribia kutua nasema upepo, kisha nausema tena. Abiria angenisikia angedhani nimesahau. Wingu la radi likimwaga hewa yake chini, hewa hiyo hugonga ardhi ikatawanyika pande zote: ndege inakutana na upepo wa mbele unaoinyanyua, na sekunde chache baadaye upepo wa nyuma unaoiangusha. Upepo niliousoma dakika mbili zilizopita umeshakuwa uongo.

Yule rubani alitua salama, njia imelowa. Wiki iliyofuata akaja tena kutoka Manda, wingu liko palepale. Safari hii hata Ngomeni hajaifikia akaita: kushoto, maili 15, kwa kimo hikihiki, sababu hali ya hewa. Nikamjibu kwa neno moja.