Fidi pampu ya dizeli ni nini, na unachagua ipi?

Fidi pampu ni pampu ndogo inayotoa dizeli kwenye tanki na kuifikisha kwa injekta pampu, ile inayosukuma dizeli ndani ya injini kwa presha kubwa. Kazi yake inaishia hapo. Haiongezi nguvu za injini, hata muuza spea akikuapia. Inahakikisha tu injekta pampu haikosi mafuta wala haimezi hewa, maana dizeli hiyo hiyo ndiyo inayoilainisha na kuipoza.

Pikapu nyingi kongwe, kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, hazina fidi pampu ya umeme. Injekta pampu huvuta mafuta yenyewe. Ndiyo sababu mpira wa mafuta wenye ufa haudondoshi kitu. Unaingiza hewa, na asubuhi gari linagoma mpaka ubonyeze pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, weka filta mpya, kisha unga kipande cha mpira unaoonyesha ndani karibu na injekta pampu, uangalie mapovu. Mara nyingi ugonjwa unapona hapo.

Ukiwa bado unahitaji fidi pampu ya umeme, labda umeongeza tanki au filta ya pili kwa ajili ya dizeli ya mapipa kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, tazama presha kwanza, lita baadaye. Injekta pampu ya aina ya VE, kama ile ya 1HZ, inatosheka na 0.3 bar hivi. Kosa baya ni kuifungia pampu ya gari la petroli la EFI (lenye injekta za umeme) kwa kuwa ni ya bei nafuu: hiyo inasukuma kama 3 bar. Sili ya shafti ya injekta pampu ikishindwa, dizeli inaingia kwenye oili ya injini. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta oili imepanda na inanuka dizeli, usiwashe injini tena.

Lita hazina ugumu. Injini ya lita 3.0 ikikanyagwa mpaka mwisho huchoma takriban lita 30 kwa saa, hivyo pampu ya lita 100 kwa saa inatosha na ziada hurudi tankini. Zile za Marekani za lita 350 na zaidi ziachie Cummins, zile injini kubwa za dizeli za kwao.

Ukiwa Kisekka au Ndeeba, kwenye maduka ya spea ya Kampala, kabla ya kulipa, puliza pampu kwa mdomo kufuata mshale wake, bila umeme. Pumzi ikipita, basi hata ikiungua kati ya Moroto na Kotido, injekta pampu itavuta mafuta kupitia humo. Isipopita, jiandae kulala njiani. Hakikisha pia ni ya volti 12, si 24.

Ifunge karibu na tanki, chini ya usawa wa mafuta, kwa sababu inajua kusukuma kuliko kuvuta. Filta ya kutenga maji itangulie. Umeme upite kwenye fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na swichi ya presha ya oili, ili injini ikizima pampu nayo ikatike. Bila hivyo, gari likipinduka na mpira ukachomoka, itaendelea kumwaga dizeli.

Baada ya kufunga, tandika kadibodi kavu chini ya gari huku injini inanguruma na pampu inasukuma. Pale palipokuwa panavuta hewa, sasa patadondosha.