Kupunguza maafa kwa kutumia mifumo ikolojia: maana yake nini hasa?

Mvua ikinyesha usiku kucha Dar es Salaam, asubuhi swali ni moja: "Jangwani panapitika?" Bonde la Msimbazi likijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mwendokasi husimama, na mtu wa Magomeni anayekwenda Kariakoo, safari ambayo siku ya kawaida angeimaliza kwa miguu, hulazimika kuzunguka mji. Karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ilijengwa humo humo bondeni, ikafurika zaidi ya mara moja.

Hapo ndipo pazuri pa kuanzia ukitaka kuelewa jina refu linalojitokeza siku hizi karibu kila mradi wa mazingira: kupunguza hatari za maafa kwa kutumia mifumo ikolojia. Wataalamu wenyewe limewachosha, wakalifupisha kuwa Eco-DRR. Maana yake ni nyepesi kuliko jina. Ni kutunza msitu, kinamasi, mikoko, matumbawe au bonde la mto, au kuvirudisha pale vilipoharibiwa, ili vipunguze nguvu ya mafuriko, mawimbi, ukame na maporomoko kabla havijamfikia mtu. Msitu hapa haupimwi kwa uzuri wake. Unapimwa kwa kazi, kama unavyopima mtaro au ukuta.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo magazeti huyachanganya. Mvua kubwa si maafa. Mvua hiyo hiyo ikimwagika katikati ya Hifadhi ya Nyerere, watakaolowa ni viboko, ambao hawana neno. Maafa huja pale vitu vitatu vinapokutana: tukio lenyewe, watu na mali waliokaa katika njia yake, na unyonge wa watu hao, yaani nyumba isiyohimili maji, ghala lenye chakula cha wiki moja, kijiji chenye njia moja tu ya kukimbilia. Ndiyo maana wanaoshughulika na maafa hawapendi kuyaita "ya asili". Kimbunga ni cha asili. Mtaa kuwa chini ya usawa wa mto ni uamuzi wa mtu fulani, mwaka fulani.

Ukuta wa zege hushughulika na la kwanza tu, yaani tukio lenyewe. Mfumo ikolojia ulio na afya unaweza kugusa yote matatu. Mikoko huvunja wimbi. Ukanda wa mikoko uliohifadhiwa unawaweka watu mbali na ufuo wenyewe. Na kaa, kamba na asali vinavyotoka humo ni riziki ya familia ile ile ambayo kesho yake inatakiwa kusimama tena.

Turudi Msimbazi. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unapita kama kilomita 35 na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Huko juu misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa sana kwa mkaa na mashamba. Udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ukakosa wa kuushika, ukashuka na kila mvua. Katikati ya safari, mji umefunika ardhi kwa mabati, lami na sakafu za simenti, kwa hiyo maji ambayo zamani yangezama taratibu sasa yanafika mtoni kwa pamoja, kama watu waliotoka uwanjani kwa mlango mmoja. Wachimba mchanga nao wanakula kingo. Mchanga wote huo hutua bonde linapotandaa, yaani Jangwani, na kitanda cha mto kinapanda. Ndiyo sababu mitambo huchimba tope chini ya daraja, msimu unaofuata likarudi. Unachota matokeo huku chanzo kiko Kisarawe.

Na hakuna aliyeshtukizwa. Mpango Mji wa Dar es Salaam wa 1979 ulikwisha kulitaja bonde hili kuwa eneo hatarishi. Watu wakajenga, kwa sababu ni karibu na soko na kiwanja kilikuwa cha bei wanayoiweza. Desemba 2011 mafuriko yaliua takriban watu 40, na waliopoteza nyumba wakapewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na mjini. Muuza mboga wa Kariakoo akahesabu nauli.

Mradi wa sasa wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022, umechanganya mambo: daraja jipya refu na la juu, kuwalipa fidia na kuwahamisha walioko hatarini, kuupanua mto, na sehemu ya bonde kuifanya bustani ya jiji ambayo mvua kubwa ikija inaruhusiwa kufurika. Hiyo "inaruhusiwa" ndiyo kiini cha dhana yote. Uholanzi, nchi iliyojulikana kwa kuta za kuzuia maji, ilifika hapo hapo: mwaka 1995 ililazimika kuhamisha watu wapatao 250,000 mito ilipojaa, na baadaye ikaanza kurudisha kuta nyuma na kushusha mabonde ili mito ipate nafasi ya kutanuka.

Sasa mikoko, maana huko ndiko dhana hii inakoeleweka haraka. Mtu wa pwani hasemi "mikoko" akaishia hapo. Kuna mlilana, unaokaa mbele kabisa ukipigwa na bahari. Kuna mkoko wenyewe, wenye mizizi inayosimama kama miguu ya buibui. Kuna mkandaa, ambao gome lake hutia rangi, na mchu, unaochomoza vijizizi kama vidole kutoka kwenye tope ili uvute hewa. Wimbi likiingia humo halikutani na ukuta. Linakutana na vizuizi maelfu, kila kimoja kikilipunguzia kidogo, mpaka linafika nchi kavu limechoka. Vipimo vilivyokusanywa sehemu mbalimbali za dunia vinaonyesha kuwa mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66. Ukubwa wa tofauti hiyo ni wa kweli na unategemea aina ya mti, wingi wake na kina cha maji siku hiyo. Mbele ya mikoko, baharini, miamba ya matumbawe hufanya kazi kubwa zaidi: kwa wastani hunyonya asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi. Anayevua kwa baruti anabomoa ukuta wa kijiji chake bila kujua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa bila mikoko duniani, hasara ya mafuriko ya pwani ingeongezeka kwa dola bilioni 65 kila mwaka, na watu milioni 15 zaidi wangefurikiwa. Sisi kwa karne nyingi tuliihesabu mikoko kwa boriti. Mbao za Rufiji na Lamu zilipakiwa majahazini wakati wa kusi kwenda Uarabuni, na katika nyumba za kale za Ghuba upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti kutoka huku kwetu. Biashara ile ilikuwa na akili yake. Ila hakuna nahodha aliyewahi kuandika kwenye hesabu zake kwamba mti ukiwa umesimama nao unalipa.

Gazi, kusini mwa Mombasa, wameanza kuandika. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unalinda hekta 117 za mikoko, unauza hewa ukaa iliyohifadhiwa humo, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo miti inaizuia isiende hewani, na fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule za kijiji. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wakafuata kwa zaidi ya hekta 400. Kinga ya mawimbi inakuja kama nyongeza, na kwa mtazamo wangu ndiyo njia ya kweli: hakuna kijiji kitakacholinda msitu kwa miaka 30 kikisubiri kimbunga ambacho huenda kisije.

Ingawa vimbunga huja. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika, na kuanzia hapo karafuu ikawa ya Pemba zaidi. Lindi ilipigwa 1952. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia, wiki chache tu baada ya mafuriko makubwa ya Rufiji na Kibiti.

Dhana hii haikomei pwani wala kwenye maji mengi. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ukame, na umetoka Usukumani. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa masika ili nyasi na miti vikue, kikafunguliwa kiangazi kinapobana. Ni benki ya majani. Miti ya Shinyanga ilikatwa kwa wingi wakati wa ukoloni kuangamiza mbung'o, pamba ikafuata, kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha watu na kuwaacha mbali na ngitili zao. Mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, ngitili zilizohesabika zilikuwa hekta zipatazo 600. Kufikia miaka ya 2000 makadirio yalipita hekta 300,000. Wataalamu hawakuleta mbegu ya ajabu. Walirudisha sheria ya kijiji iliyokuwepo na kuiacha mizizi iliyolala ardhini ichipue. Ukame uliendelea kuja kama kawaida yake. Kilichobadilika ni idadi ya ng'ombe wanaokufa kabla mvua haijarudi, na umbali anaotembea mama kutafuta kuni.

Milimani, kazi ni ya mizizi. Uswisi walilijua hili mapema: Andermatt walipiga marufuku kukata msitu wa juu ya kijiji mwaka 1397, kwa sababu ndio ulioizuia theluji isiwaporomokee. Kwetu, Machakos walichimba matuta ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili ujenge ngazi, na jina hilo la Kiswahili sasa limo kwenye vitabu vya kilimo duniani. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao, mashimo yanayokamata maji ya mvua mteremkoni. Miteremko ya Mlima Elgon iliyobaki bila miti imekuwa na habari nyingine: Machi 2010 udongo ulifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, upande wa Uganda, na mamia ya watu wakapotea.

Hapa lazima niweke breki, maana wauzaji wa dhana hii wana tabia ya kuahidi kupita kiasi. Mizizi hushika tabaka la juu la udongo. Haishiki mwamba. Katika maporomoko ya Katesh, chini ya Mlima Hanang, Desemba 2023, serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Kitu cha namna hiyo hakizuiliwi na mche. Vivyo hivyo mikoko haizuii tsunami kubwa. Ile ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004 iling'oa misitu mizima pale ilipokuwa na nguvu zaidi. Tahadhari ya mapema, redio, king'ora na njia ya kukimbilia haviondolewi na mti wowote.

La pili ni kupanda ovyo. Baada ya tsunami, Sri Lanka ilipanda mikoko kwenye zaidi ya hekta 1,000. Iliyopona ni kama 200. Sababu ilikuwa ya kusikitisha kwa wepesi wake: walipanda zaidi aina za mkoko, kwa kuwa mbegu yake ndefu kama mkuki ni rahisi kuokota na kuchomeka, wakaichomeka hata mahali ambapo maji hukaa muda mrefu mno. Picha zilipendeza. Mzee yeyote wa Rufiji angewaambia kwamba kila mti una mahali pake kati ya kupwa na bamvua. Mara nyingi kinachotakiwa si miche bali kuondoa kinachozuia: kufungua mkondo uliozibwa na barabara, kuacha kukata, kusubiri. Mbegu zinaletwa na bahari bure.

Na la tatu, ambalo miradi mingi hulisahau kwa sababu kila mmoja ana mipaka yake kwenye karatasi: pwani na mlima ni kitu kimoja. Wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, mvua zilishusha tope nyingi kutoka mashamba ya bara hadi hori la Mwache, Mombasa. Tope likafukia mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa imesimama, eneo kubwa. Haikukatwa na mtu.

Penye Daraja la Selander, Msimbazi unapoingia baharini, ipo mikoko vile vile. Inapokea kila kinachoshuka tangu Pugu: mchanga, maji taka ya viwandani, chupa za plastiki. Ukipita kwenye daraja saa ya maji kupwa, bado utaiona.